Mshono wa Ngozi Huanza Kuharibika Wapi

Kabla hujautupa mkoba uliochoka au kiatu kilichofumuka, tazama mshono wake kwa karibu. Ni nadra kukuta uzi umekatika kwa kuzidiwa na mzigo. Mara nyingi utakuta umelika kwa juu, pale unapojitokeza na kusuguana na nguo au sakafu. Au umeoza ndani ya matundu kwa jasho na unyevu. Au uzi wenyewe ni mzima kabisa, ila ngozi imechanika kwa kufuata mstari wa matundu, kama stempu inavyochanwa kutoka kwenye shiti yake.

Dawa za maradhi hayo matatu hazifanani. Anayeogopa kulika inabidi auzamishe uzi. Anayeogopa kuoza abadilishe aina ya uzi. Anayeogopa kuchanika apunguze matundu na apunguze unene wa uzi. Wengi hujibu hofu zote tatu kwa jibu moja, uzi mnene zaidi na mishono iliyosongamana zaidi, na jibu hilo ndilo linaloichana ngozi.

Kwa hiyo kuuliza mshono upi ni imara kuliko yote hakutufikishi mbali. Uliza huu unaotaka kuushona utaanza kuharibika wapi, na siku hiyo ikifika, utatengenezeka? Fundi anayejali kazi yake hupanga mambo ili uzi ushindwe kwanza na ngozi ibaki. Uzi uliokatika unashonwa upya kwa muda mfupi tu. Ngozi iliyochanika kwenye matundu imeshapoteza ukingo wake, na hapo unakata kipande kipya au unatia kiraka.

Sindano mbili, uzi mmoja

Mshono wa mkono ambao watengenezaji wa matandiko ya farasi wameuamini tangu zamani ni ule wa sindano mbili. Uzi ni mmoja, una sindano kila ncha, na kila tundu hupitiwa mara mbili, na sindano ya kulia na ya kushoto. Ukiichora ngozi kwa pembeni utaona mawimbi mawili yanayopishana: pale uzi mmoja unapopita juu ya ngozi, mwenzake anapita chini.

Cherehani haifanyi hivyo. Uzi wa juu hubaki juu, uzi wa bobini hubaki chini, na hushikana kwa kuzungukana katikati ya ngozi. Uzi wa juu ukilika mahali pamoja, ule wa chini unakosa cha kushika hapo, na ukivutwa, mishono ya jirani huanza kuachia mmoja baada ya mwingine. Kwenye sindano mbili, mkono mmoja wa uzi, yaani nusu yenye sindano yake, ukikatika, mkono wa pili bado unapita kwenye tundu lile lile na kwenye matundu ya jirani, na nta iliyo ndani ya matundu inazibana ncha zilizokatika. Haina maana kwamba mshono huo haufumuki kabisa. Ukiuacha hivyo huku unavutwa kila siku, utalegea. Ila unakupa nafasi ya kuona tatizo na kulirekebisha kabla mkoba haujafunguka njiani.

Cherehani ya ngozi iliyowekwa sawa, yenye uzi unaofaa, hushona kazi nyingi vizuri sana, na kuidharau ni kutojua kazi. Faida ya mkono huonekana pale mshono unaposuguliwa au kuvutwa bila kupumzika: mkanda, mpini wa begi, hatamu, ala ya kisu, soli.

Gundi kabla ya sindano

Tabaka mbili za ngozi zisizogandishwa husogea moja juu ya nyingine kila kitu kinapopinda, na mwendo huo mdogo huukata uzi katikati, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa hiyo gundi ni sehemu ya mshono. Paka gundi ya viatu kwa wembamba pande zote mbili, ukanda wa milimita 8 hadi 10 kutoka ukingoni, usubiri mpaka isinate kidoleni, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, kisha kutanisha na ugonge kwa nyundo yenye uso laini. Kama upande mmoja unaogandishwa ni uso wa ngozi, ule laini wenye rangi, ukwangue kwanza kwa msasa. Gundi inayokaa juu ya rangi inabandua rangi na kutoka nayo.

Ukingo uusawazishe baada ya gundi kukauka, si kabla. Mstari wa mshono unapimwa kutoka ukingoni, na ukingo ukiwa na mabonde, mstari nao utakuwa na mabonde. Pima kwa bikari: telezesha mguu mmoja ukingoni, mwingine uchore mstari mwepesi.

Hesabu ya matundu

Hapa ndipo kazi nyingi za mkono huharibikia, hata pale mshonaji ana mkono mzuri.

Tundu la sindano mbili si duara. Ni mpasuko mdogo unaofanywa na maharazi, ile ncha ya chuma yenye mpini ambayo makali yake kwa kazi hii huwa na umbo la almasi. Mpasuko huwekwa mshazari, karibu digrii 45 kutoka kwenye mstari wa mshono. Mshazari ndio unaoipa mishono mwinamo wake mzuri, lakini una kazi kubwa kuliko urembo. Chukua mpasuko wa milimita 2. Ukiulaza sambamba na mstari, na matundu yana nafasi ya milimita 3, kati ya tundu na tundu inabaki milimita 1 tu ya ngozi nzima. Ukiugeuza mshazari, unakula kama milimita 1.4 za mstari, na inabaki milimita 1.6. Ngozi ni ile ile, uzi ni ule ule, na umeongeza zaidi ya nusu ya kile kinachozuia kuchanika.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia nafasi ya mishono. Kwa pochi na vitu vyepesi, ambapo unene wa tabaka zote ni milimita 2 hadi 3, nafasi ya milimita 3 na uzi wa milimita 0.5 au 0.6 vinatosha, mstari ukiwa milimita 3 kutoka ukingoni. Begi na mkanda, wenye unene wa milimita 4 hadi 7, wapendelee nafasi ya milimita 4, uzi wa 0.8, na ukingo wa milimita 4. Kazi nzito kuliko hizo ichukue milimita 5 au 6 na uzi wa milimita 1. Anayebana mishono ya milimita 2 kwenye mkanda kwa sababu inaonekana ya kifahari anauza uimara ili anunue sura. Kwenye pochi inaweza kuvumilika, kwa uzi mwembamba na matundu madogo. Kwenye kitu cha kubeba mzigo, hapana.

Matundu huwekwa alama kwa patasi ya meno, chuma chenye meno yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Tumbukiza jino la kwanza kwenye tundu la mwisho ulilokwisha piga, na nafasi hazitapotea. Kwenye ngozi nyembamba unaweza kuigonga mpaka itokee upande wa pili. Kwenye ngozi nene usifanye hivyo: meno hujipinda kidogo yanaposhuka, na upande wa nyuma mstari unatoka kama nyoka. Hapo patasi ipige alama tu, kina cha milimita 1 au 2, kisha kila tundu limaliziwe na maharazi moja moja wakati wa kushona, huku ngozi imebanwa wima kwenye jiliwa la mbao. Shikilia kizibo cha chupa upande wa nyuma ili ncha itokee ndani yake badala ya kwenye kidole.

Maharazi butu ni hasara kubwa kuliko uzi mbaya. Inasukuma ngozi badala ya kuikata, tundu linavimba nyuma, na mkono unaochoka unaanza kutoboa kwa kuinama. Inolewe, kisha isuguliwe kwenye kipande cha ngozi chenye dawa ya kung'arishia mpaka ipenye kwa msukumo wa kiganja tu.

Uzi

Kitani ndicho uzi wa jadi, nacho bado ni kizuri. Kimetulia, hakinyumbuki, na kikilowa hakipotezi nguvu. Adui yake ni kuvu: mahali penye unyevu wa kudumu kitani huoza polepole, nta ikikichelewesha tu. Poliesta haiozi, inastahimili jua vizuri, na inanyumbuka kidogo. Nailoni ina nguvu nyingi lakini inanyumbuka zaidi, na mshono uliokazwa leo unaweza kuonekana umelegea baadaye. Jua kali nalo huidhoofisha. Pamba iachie nguo. Kwa kitu kitakachokutana na jasho, mvua na jua, chaguo la busara ni poliesta yenye nta. Kwa kitu cha ndani, kinachotunzwa, kitani hukaa kwenye ngozi kwa uzuri ambao poliesta haijaufikia.

Kitani kisichokuwa na nta kivutwe juu ya bonge la nta ya nyuki mara 3 au 4, kisha kipitishwe haraka kati ya kitambaa na vidole mpaka joto liiyeyushe nta iingie ndani. Nta hupunguza msuguano sindano inapopita, huziba tundu dhidi ya maji, na baadaye huushika uzi usirudi. Washona soli wamezoea kuichanganya na utomvu wa msonobari ili inate zaidi.

Urefu wa uzi usiukisie. Kila mshono, kila mkono wa uzi husafiri nafasi moja ya mshono na unene mmoja wa ngozi. Kwa hiyo gawanya unene kwa nafasi, ongeza 1, zidisha kwa 2: hiyo ni mara ngapi ya urefu wa mshono. Unene wa milimita 6 na nafasi ya milimita 4 hutoa 5. Mshono wa sentimita 30 utakula sentimita 150, na uongeze 40 za kushikia mwishoni na kurudia. Kwa pochi ya unene wa milimita 2.4 na nafasi ya milimita 3 jibu ni 3.6. Ndiyo maana ile kanuni ya "mara nne ya urefu" hufanya kazi kwa pochi na kukuacha umekwama kwenye mkanda.

Mkono unavyokwenda

Sindano za kazi hii ziwe butu. Maharazi ndiyo inayotoboa. Sindano inatafuta njia tu, na ncha kali ingechoma uzi uliokwisha pita. Chonga ncha ya uzi iwe nyembamba kwa kuikwangua na kisu, ipitishe kwenye jicho la sindano, choma uzi wenyewe kwa sindano mara mbili, kisha vuta ule mkunjo upite juu ya jicho na kushuka. Uzi umejifunga bila fundo.

Anzia tundu la tatu au la nne, urudi nyuma hadi la kwanza, kisha uende mbele. Mwanzo unakuwa umeshonwa mara mbili, na hapo ndipo kunapovutwa sana.

Sasa tundu moja, polepole. Sindano ya kushoto inaingia, unaivuta kulia kama kiganja kimoja. Sindano ya kulia unaileta kwenye tundu hilo hilo, nyuma ya uzi uliokwisha pita, na inapoanza kuzama, mkono mwingine unavuta ule uzi wa kwanza taratibu kurudi ulikotoka. Ukiteleza, njia ni safi. Ukigoma, au ukihisi mkwaruzo mdogo kama wa mchanga, sindano imeuchoma uzi. Irudishe mara moja. Uzi uliochomwa na mwenzake hauwezi kukazwa tena, wala huwezi kurudisha mishono nyuma ukikosea mbele; utalazimika kukata. Mwendo huo wa kuvuta kidogo ni wa muda mfupi tu, na ndio unaotenganisha mshono unaotengenezeka na usiotengenezeka.

Zikishapita zote, vuta mikono miwili pamoja, kwa nguvu ile ile kila mara. Ukiiweka sindano ya pili nyuma ya uzi, iweke nyuma kila tundu. Ukibadilisha katikati, mishono itainama huku na kule kama meno yaliyopishana, na hakuna nyundo itakayoirekebisha. Nguvu ya kuvuta inategemea ngozi. Ile iliyodabaghiwa kwa magome ni ngumu na inapenda uzi uzame kidogo usoni mwake. Ile laini iliyodabaghiwa kwa kromu hukunjamana na kukatwa na uzi, basi vuta mpaka ulegevu uishe, ukomee hapo.

Ukiona unahitaji koleo kwa kila sindano, simama. Tundu ni dogo au uzi ni mnene. Koleo la mara moja kwenye kona ni sawa, koleo la kila tundu linavunja macho ya sindano na kupasua matundu.

Mwishoni rudi nyuma mishono 2 au 3, ukilegeza matundu hayo kwa maharazi kwa upole bila kuyakata upya, maana sasa yatabeba uzi mara mbili. Toa ncha zote mbili upande usioonekana. Poliesta ikate ukiacha milimita 2, iyeyushe kwa moto mdogo na uibonyeze. Kitani hakiyeyuki: weka tone la gundi kwenye tundu, kaza, kata kabisa usawa wa ngozi. Kisha gonga mshono wote kwa nyundo laini, pande zote mbili, ili uzi ulale na tundu lijifunge.

Mtaro, ule mfereji mdogo unaochimbwa ili uzi uzame, huwagawa mafundi. Kwenye soli sina mjadala: bila mtaro uzi unalika upesi kwenye zege. Kwenye mkanda mnene unakubalika, ukiwa na kina kidogo. Kwenye pochi ya ngozi ya milimita 1.2, kuchimba nusu milimita ni kuondoa karibu nusu ya ngozi mahali hasa unapotaka kuitoboa. Hapo kaza na ugonge, uzi utazama wenyewe kiasi cha kutosha.

Pale sindano mbili zinaposhindwa

Kuna mahali mkono wa pili haufiki: ndani ya mfuko mwembamba, karibu na kitambaa cha ndani, au kwenye mpini wa duara. Usilazimishe. Tumia sindano moja na mshono wa kurudi nyuma: unatokea tundu moja mbele, unarudi tundu lililopita, unapita chini matundu mawili. Ni imara, ingawa nyuma yake ni nene kwa sababu uzi unalaliana. Bandi ya kwenda tu, tundu kwa tundu, si mshono wa kubeba mzigo. Lakini ukifika mwisho na kurudi nayo ukijaza nafasi zilizobaki wazi, umepata umbo lile lile la sindano mbili kwa sindano moja, na kwa mshono mfupi wa sentimita 10 inafaa sana. Ugumu wake ni kuuweka mvuto sawa, kwani unakaza safari mbili tofauti.

Kona za boksi, ambapo ukingo mmoja unakutana na uso wa mwingine kwa pembe ya mraba, zinatobolewa kwa mshazari: maharazi inaingia usoni na kutokea kwenye unene wa ukingo. Hapo ngozi isipungue milimita 3, la sivyo hakuna nyama ya kushika. Mshono wa msalaba unaounganisha kingo mbili zilizogusana, kama kwenye kifuniko cha usukani, unakaa vizuri maadamu kitu cha ndani kinabeba mzigo, kwa sababu uzi wote uko wazi juu na unalika. Vivyo hivyo kuzungusha kamba ya ngozi ukingoni.

Mpini unapokutana na begi panahitaji uangalifu wa peke yake. Wengi hushona mraba wenye msalaba wa mistari miwili ndani yake, na mstari wa juu wa mraba huo hupita mpini kutoka upande hadi upande. Chukua mpini wa milimita 25. Ukiacha milimita 3 kila upande, mstari wa kukatisha wenye nafasi ya milimita 3 una matundu 7, na kila moja linakata milimita 1.4. Karibu sentimita nzima ya nyuzinyuzi za mpini imekatwa kati ya mbili na nusu, na mahali hapo ndipo mzigo unapofikia kwanza. Mpini utachanika hapo hapo, mstari mnyoofu. Afadhali mistari miwili mirefu inayokwenda na urefu wa mpini, sentimita 4 au zaidi, ikifungwa kwa upinde upande wa mbali na mzigo, na upande wa mzigo uachwe wazi bila mstari wa kukatisha. Ncha za mistari hiyo zirudiwe mishono 3. Ukitaka kuongeza ribiti, ule msumari mfupi wa kubana, iweke katikati ya mistari hiyo miwili, si ukingoni. Kwenye mdomo wa mfuko, pitisha uzi juu ya ukingo mara mbili kabla ya kuendelea. Vidole vinavyovuta mfuko kila siku huanzia hapo kuufungua.

Kabla ya kugusa kazi yenyewe, shona sentimita 5 kwenye mabaki ya ngozi ile ile, kwa gundi, uzi na nafasi ulizochagua. Kata uzi mmoja katikati kwa kisu, kisha zivute tabaka mbili kwa mikono yote. Ikichanika ngozi kati ya matundu, punguza uzi au ongeza nafasi. Ikiachia gundi kwanza na mishono ikafuata, ulikaza kidogo mno. Ukikatika uzi na ngozi ikabaki nzima, umefika.

Na kitu kikirudi kwako baada ya miaka, toa uzi wa zamani kwa kuukata kila mshono wa tatu, usivute mstari mzima. Safisha matundu kwa sindano butu, halafu yatumie yale yale, hata kama nafasi zake hazikufurahishi. Tundu jipya kati ya mawili ya zamani huacha ngozi kidogo mno ya kushika. Kama matundu yamepanuka, panda ukubwa mmoja wa uzi. Kama yameungana, kata ukingo wote na usogeze mstari ndani kwa milimita 4.